DAWA YA MACHO NA KODI: TUJUE TUNALOLIOMBA

Maneno yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamechapwa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kufika kwa sababu ya zamu.



 Tumeombwa tuseme machache juu ya dawa za macho na kodi. Twajua kwamba mtu akisikia neno kodi husema hayo ni mambo ya makarani na mawakili, naye huanza kutazama saa. Lakini twawaomba mtuvumilie kidogo, maana jambo hili laingia mfukoni mwa kila mmoja wetu, na kwa wengine limekwisha kuingia katika kazi yao.

Sisi watu wa reli twala kwa macho. Dereva asipoiona taa nyekundu, hakuna haja ya kueleza yatakayofuata. Mpanga mabehewa asipouona mkono wa mwenzake, mtu aweza kubanwa. Fundi wa karakana hukaa siku nzima karibu na jiwe la kunolea na moto wa kulehemu, na kipande cha chuma kidogo kama punje ya mtama chatosha kumaliza jicho. Ndiyo sababu tulipimwa macho kabla ya kuandikwa kazi, tukasomeshwa herufi za ukutani na kuulizwa rangi. Jicho la mfanyakazi wa reli ni sawa na cheti chake. Likiharibika, cheti nacho kimechanika.

Tutaanza na habari ya mwenzetu mmoja. Yuko hapa ukumbini, naye ametupa ruhusa ya kuisema, ila jina lake tusilitaje. Mwenzetu huyu alikuwa akipanga mabehewa. Miaka kadhaa iliyopita daktari alimwambia ana presha ya macho, ugonjwa ambao madaktari huuita glakoma. Hakuwa na maumivu. Alikuwa akiona mbele vizuri, akisoma gazeti bila taabu. Alipewa dawa ya matone, akaambiwa atie asubuhi na jioni kila siku, wala asiache hata akijiona mzima.

Mwanzo alitii. Kisha siku moja alikwenda dukani kununua chupa nyingine, akakuta bei imepanda kwa shilingi 80. Akauliza kwa nini. Muuzaji akamjibu, "Ni kodi, mzee. Serikali imeongeza kodi." Mwenzetu akalipa, lakini akarudi nyumbani akapiga hesabu yake. Alikuwa na karo ya watoto wawili. Akaamua kuivuta dawa. Akawa anatia jioni tu. Baadaye akawa anatia siku moja na kuacha siku moja, na chupa ya mwezi mmoja ikakaa karibu miezi miwili.

Ndugu zetu, glakoma ni mwizi anayeingia bila kubisha hodi. Huanza kula uwezo wa kuona wa pembeni, na katikati huacha vilevile, hata mgonjwa hajui kwamba amepungukiwa. Presha iliyo ndani ya jicho huubonyeza mshipa wa fahamu uendao kwenye ubongo, na sehemu ya mshipa huo ikifa haifufuki. Mtoto wa jicho hupasuliwa na mtu akaona tena; lakini alichochukua glakoma hakirudi, wala kwa dawa wala kwa kisu. Dawa ya matone hulinda kile kilichobaki, basi.

Mwenzetu alianza kugonga bega kwenye vizingiti vya milango. Alidhani ni uchovu. Ikaja siku ambayo hakuiona taa ya mkono iliyokuwa ikipungwa upande wake wa kushoto. Kwa neema ya Mungu hakuna aliyeumia. Alipelekwa kupimwa, akaondolewa kwenye mabehewa, akawekwa stoo. Marupurupu ya zamu ya usiku yakakoma. Kwa shilingi 80 katika kila chupa, mtu alipoteza kazi aliyoijua, na pia sehemu ya macho yake.

Sasa sikilizeni jambo lililotufanya tuandike maneno haya. Mwenzetu alikuwa amezitunza risiti zake ndani ya bahasha. Tulipokaa naye tukazitandaza mezani, tukazisoma moja moja. Ile ya siku bei ilipopanda ilionyesha dawa yake upande wa vitu vilivyosamehewa kodi. Kodi ya Ongezeko la Thamani juu ya ile dawa ya matone haikuwapo hata senti moja. Basi tukajiuliza: ikiwa hakuna kodi, zile shilingi 80 zilikuwa za nini? Je, yule muuzaji alidanganya? Tulipotafuta jibu tuliona kwamba sisi wenyewe hatukulijua vizuri neno hili "msamaha wa kodi," ingawa twalipigia kelele kila mwaka.

Katika shule ya misheni mwalimu wetu wa hesabu hakukubali jibu lisilokuwa na hatua zake. Basi na tuzifuate hatua.

HATUA YA KWANZA: KODI YENYEWE

Kenya ilianza kutoza kodi ya mauzo mwaka 1973. Mwaka 1990 kodi hiyo iliondolewa, na mahali pake ikawekwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi wetu twaiita VAT. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2013, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Kiwango cha kawaida ni asilimia 16. Kilishushwa hadi 14 kuanzia Aprili 2020 wakati wa ugonjwa wa korona, kikarudishwa 16 Januari 1, 2021.

Kodi hii hukusanywa na muuzaji lakini hulipwa na mnunuzi wa mwisho, yaani wewe na mimi. Mwenye mamilioni na mfagiaji wa stesheni wakinunua kitu kimoja hulipa kodi ileile. Nasi tumekwisha kukatwa kabla ya mshahara kutufikia: kodi ya mapato, NSSF, ada ya nyumba, na tangu Oktoba 2024 asilimia 2.75 ya mshahara kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kinachobaki ndicho tunachokwenda nacho dukani, na huko dukani VAT yatungoja.

Kwa sababu hiyo sheria ya mwaka 2013 iliziweka dawa za binadamu katika Jedwali la Kwanza, ambalo ni orodha ya vitu vilivyosamehewa. Matone ya glakoma yamo, na marhamu ya macho yamo. Huduma za matibabu zenyewe nazo zimo, ndiyo maana ada ya daktari haiongezwi asilimia 16.

Tupime faida yake. Tuseme chupa ya matone ni shilingi 600. Kama ingetozwa asilimia 16, ingeongezeka shilingi 96 ikawa 696. Chupa nyingi za matone zikisha kufunguliwa hazitakiwi kutumiwa zaidi ya majuma manne, maana dawa huweza kuingia vijidudu. Mwaka una majuma 52, kwa hiyo mgonjwa ahitaji chupa 13. Mara 96, ni shilingi 1,248 kwa mwaka. Hiyo ndiyo pesa ambayo msamaha humwachia mgonjwa mmoja, naye ataihitaji dawa hiyo maisha yake yote. Si kitu cha kudharauliwa.

HATUA YA PILI: MSAMAHA NA SIFURI SI KITU KIMOJA

Hapa ndipo wengi tulipotea. Sheria ina milango mitatu. Mlango wa kwanza ni wa vitu vinavyotozwa asilimia 16. Wa pili ni wa vitu vilivyosamehewa. Wa tatu ni wa vitu vinavyotozwa kwa kiwango cha sifuri. Mtu atasema, "Kusamehewa na kutozwa sifuri, yote si kutolipa?" Kwa mnunuzi aliyesimama dukani yaonekana hivyo. Kwa mwenye duka sivyo kabisa.

Mwenye duka la dawa hulipa VAT katika gharama zake. Hulipa juu ya kodi ya pango la duka, juu ya umeme, juu ya mashine anazonunua. Ikiwa anauza kitu cha kiwango cha sifuri, sheria yamruhusu kuidai kodi hiyo irudi kwake. Ikiwa anauza kitu kilichosamehewa, hana ruhusa ya kudai. Kodi aliyoilipa yabaki mikononi mwake, naye huitia ndani ya bei. Haionekani kwenye risiti, lakini imo, kama chumvi katika mchuzi. Mwenye ghala aliyemwuzia naye ametia yake.

Tupige hesabu ya mfano tena. Tuseme pango la duka kwa mwezi ni shilingi 25,000. VAT yake ni 4,000. Umeme na mengineyo ni 5,000. VAT yake ni 800. Jumla 4,800. Akiuza pakiti na chupa 1,200 kwa mwezi, kila moja yabeba shilingi 4 za kodi iliyofichika. Ongezeni na ile ya mwenye ghala, bado ni shilingi chache tu.

Sasa twaweza kumjibu yule muuzaji. Aliposema "ni kodi," hakuwa amekosa kabisa, maana kodi iliyofichika ipo. Lakini kodi ya namna hiyo haiwezi kuruka kwa shilingi 80 kwa siku moja katika chupa moja. Labda bei ya jumla ilipanda. Labda shilingi yetu ilikuwa imeanguka mbele ya dola. Labda alijiongezea faida. Haikuwa VAT. Mwenzetu angalilijua hilo, angalikwenda duka la pili au la tatu kuuliza bei, wala asingalirudi nyumbani akidhani kwamba Serikali imefunga milango yote na hakuna la kufanya ila kuivuta dawa.

Tuseme wazi: msamaha haumlazimishi mfanyabiashara kushusha bei. Humwondolea kisingizio tu. Na kisingizio hakiondoki ikiwa mnunuzi haisomi risiti yake.

HATUA YA TATU: SHERIA HAILITAZAMI JICHO, HUTAZAMA NAMBA

Orodha za kodi hazikuandikwa kwa kufuata mahitaji ya mgonjwa. Zimeandikwa kwa namba za forodha, ambazo hutumika karibu dunia nzima, na Jumuiya ya Afrika Mashariki huzifuata. Kila kitu kina sura yake.

Dawa ziko sura ya 30. Matone ya glakoma yaliyofungwa tayari kwa kuuzwa yako humo, namba 3004. Lakini maji ya kusafishia zile lenzi ndogo zinazovaliwa ndani ya jicho hayako sura ya 30. Yako sura ya 33, namba 3307, pamoja na manukato na vitu vya kunyolea ndevu. Nayo miwani iko sura ya 90: lenzi namba 9001, fremu namba 9003, miwani iliyokamilika namba 9004.

Kwa hiyo jicho moja la mfanyakazi limekatwa vipande vitatu katika kitabu cha forodha. Yeye aliona ni jicho lake tu, lakini karani aliona sura tatu. Mtu akisimama katika mkutano akasema, "Twataka dawa za macho zisamehewe kodi," amekwisha kupewa alichokiomba, kwa sababu dawa ni sura ya 30. Ikiwa nia yake ilikuwa miwani ya kusomea au maji ya lenzi, hakuomba hayo. Maombi ya kodi yafanana na kuagiza kipuri cha injini: ukikosea namba, utaletewa kitu kizuri kisichoingia mahali pake.

Liko na jambo lingine ambalo sisi watu wa reli twapaswa kulikumbuka zaidi ya wengine. VAT si tozo la pekee linalofuata shehena bandarini. Mwaka 2013 ilianzishwa Ada ya Kuendeleza Reli, nayo ilikuwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa ziingiazo nchini. Fedha hizo zilikusudiwa kujenga reli mpya, na garimoshi la abiria la Mombasa na Nairobi lilianza kazi mwaka 2017. Hatuisemi vibaya, maana wengine wetu twapata riziki hapo. Twataka mjue tu kwamba kila tozo lina orodha yake ya misamaha. Kitu kusamehewa VAT si kusema kimesamehewa na matozo mengine. Mwenye kuomba na aulize: msamaha wa nini, katika orodha gani?

HATUA YA NNE: HOJA YA UPANDE WA PILI

Haifai kusema kana kwamba hakuna mwenye hoja ila sisi. Hazina yaweza kutuambia hivi: "Kila msamaha ni tundu katika mfuko. Dawa za hospitali za Serikali hununuliwa kwa kodi hiyohiyo. Tena msamaha wa dawa humsaidia tajiri sawa na maskini." Hoja hii ina uzito, nasi tuipokee kwa heshima.

Majibu yetu ni mawili. La kwanza, hakuna achaguaye kuugua glakoma. Kodi juu ya nguo nzuri mtu aweza kuikwepa kwa kuvaa ya zamani. Kodi juu ya matone ya macho hawezi kuikwepa ila kwa kupofuka. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya dawa za lazima tangu mwaka 1977, na dawa za macho zina sehemu yao humo. Timolol, ambayo baadhi yenu mwaitia kila siku, imo. Shirika hilo, katika mwongozo wake wa bei za dawa wa mwaka 2020, lilishauri nchi zifikirie kuziondolea kodi dawa za lazima.

Jibu la pili ni kukubali ukweli. Msamaha humsaidia mwenye uwezo wa kununua. Asiye na shilingi 600, hata mkimwondolea zile 96, bado hana. Kwa hiyo tukidai msamaha peke yake tutakuwa tumejisaidia sisi wenye mshahara, tukawaacha wazazi wetu vijijini. Lazima tudai yote mawili: dawa zibaki bila kodi madukani, na ziwepo kwenye rafu za zahanati na hospitali za umma. Dawa isiyokuwa na kodi wala haipo ni sawa na garimoshi lenye nauli nafuu lisilofika stesheni.

HATUA YA TANO: NI NANI ASEMAYE

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 210, yasema kodi haiwezi kuwekwa, kusamehewa wala kubadilishwa ila kwa sheria. Na panapotolewa msamaha chini ya sheria, kumbukumbu yake na sababu yake lazima ziwekwe mahali pa wazi. Kifungu cha 118 chalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi yake. Kifungu cha 119 chatupa haki ya kulipelekea Bunge maombi. Kifungu cha 43 chataja afya kuwa haki. Maneno haya yote ni yetu, hatukuazimwa.

Orodha za kodi huguswa kila mwaka kwa Mswada wa Fedha. Kwa kawaida Mswada hufika Bungeni mwisho wa Aprili, kamati huita maoni ya wananchi mwezi wa Mei, na mabadiliko mengi huanza Julai 1. Jinsi vitu vinavyohamishwa kutoka mlango hata mlango mwaijua kwa gesi ya kupikia. Julai 2021 iliwekewa asilimia 16. Julai 2022 ikashushwa hadi 8. Julai 2023 ikapelekwa kwenye sifuri. Mtungi ni uleule, jiko ni lilelile, lakini katika miaka mitatu umepita milango mitatu. Mwaka 2024 Mswada ulitaka mkate utozwe asilimia 16. Watu walisema, na pendekezo hilo likaondolewa mwezi wa Juni. Mswada wenyewe haukupata kuwa sheria, baada ya maandamano ambayo ndani yake vijana walipoteza maisha. Hatupendi kufika huko. Karatasi iliyopelekwa mapema mwezi wa Mei ni bora kuliko kilio cha mwisho wa Juni.

Leo dawa za macho zimo ndani ya msamaha. Hakuna aliyetuahidi kwamba zitakuwamo siku zote. Kitu kilichoandikwa kwa mstari mmoja huweza kufutwa kwa mstari mmoja.

MAMBO TUNAYOLETA MBELE YA TAWI

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo manne.

Kwanza, kila mwanachama anunuaye dawa adai risiti, na aisome. Risiti halali huonyesha kilichotozwa asilimia 16 na kilichosamehewa. Mtu akitozwa VAT juu ya dawa, ailete risiti ofisini kwa katibu, nasi tutaipeleka kwa Mamlaka ya Ushuru. Akiambiwa bei imepanda kwa sababu ya kodi na risiti yasema vingine, aulize bei kwingine kabla ya kukata tamaa.

Pili, tawi liteue watu watatu wa kuusoma Mswada wa Fedha kila mwaka unapotoka. Hawahitaji kuwa wanasheria. Watafute sura ya 30, 33 na 90, waone kama kuna kilichohamishwa, kisha tuandike maoni yetu kwa kamati ya Bunge tukitaja namba, si kusema "dawa" kwa jumla.

Tatu, tusichanganye mzigo wa Serikali na mzigo wa mwajiri. Miwani ya kukinga macho karakanani si jambo la kuombea msamaha wa kodi ili fundi ajinunulie kwa bei nafuu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyakazi vifaa vya kujikinga. Atakayewaambia mjinunulie, mleteeni katibu jina la kazi na tarehe.

Nne, na hili ni kwetu wenyewe. Dawa kuwa bila kodi hakuifanyi kuwa pipi. Wapo miongoni mwetu wanaoingia dukani na kusema, "Nipe matone ya macho," bila kupimwa, au wanaopeana chupa moja watu watatu. Baadhi ya matone huwa na steroidi, nayo hupunguza wekundu haraka, mtu akafurahi. Lakini yakitumiwa muda mrefu bila daktari huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Hata hayo ya timolol yaweza kumdhuru mwenye pumu. Kapimwe kwanza. Hasa wewe uliyepita miaka 40, au ambaye baba yako au mama yako alipofuka polepole, usingoje maumivu, maana hayatakuja.

Ndugu wanachama, tumemaliza. Mwenzetu tuliyeanza naye sasa hutia matone yake asubuhi na jioni bila kukosa. Chupa huandika tarehe aliyoifungua, na majuma manne yakipita huitupa hata kama imebaki kidogo. Macho aliyobaki nayo daktari asema yamesimama, hayaendi mbele wala nyuma. Tulipomwuliza atuambie neno la kuwaletea, alisema hivi: kama mtu mmoja tu angalimsomea ile risiti siku ile, leo angalikuwa kwenye mabehewa.

Basi tusomeane risiti. Chama si michango ya kila mwezi na mgomo tu. Chama ni mtu aonaye vizuri kumsomea mwenzake asiyeona.

 Umoja ni nguvu.